Nyuma ya Ankara ya Umeme

Saa nne na robo: thelathini na tisa nukta moja.
Naandika nyuma ya ankara ya umeme
kwa penseli butu ya seremala.
Karatasi nyingine nyumbani hamna,
na kichwa changu, usiku kama huu, hakiaminiki.

Tekla ana miaka miwili kasoro mwezi.
Shavu lake shingoni mwangu
ni jiwe la jikoni.
Nje theluji imeshaumeza uzio,
barabara ya Mestia imefungwa tangu jana,
na gari la wagonjwa, wamesema, labda alfajiri.
Labda.

Saa nne na nusu. Dawa, mililita sita.
Kwa uzito, si kwa umri, alisema muuguzi simuni,
ana kilo ngapi?
Nikapanda mizani naye kifuani,
nikapanda tena mikono mitupu.
Tofauti ndiyo mwanangu:
kumi na mbili.

Mama mkwe kaja na chupa ya siki,
theluji mabegani, soksi za sufu kwapani.
Msugue kifua, mfunike, jasho litoe homa,
ndivyo nilivyomkuza Eteri.
Sikubishana naye. Nilimvua mtoto, nikamwachia fulana moja,
siki nikaiweka dirishani,
na soksi kavalishwa sungura wa kitambaa,
aliyelala hoi, macho ya vifungo, bila homa yoyote.
Bibi akanuna. Kisha akakaa.
Kisha akaanza kuchochea moto bila kuulizwa.

Saa sita kasorobo Eteri kapiga kutoka Bari,
anakomlea mama wa watu wengine
ili tulipe ankara kama hii.
Amelala?
Amelala, nikamwambia.
Neno moja tu, na nusu yake ndiyo kweli.

Saa saba: thelathini na tisa nukta nane.
Nahesabu pumzi, jicho kwenye mshale wa saa,
thelathini na sita, thelathini na saba,
mbavu hazibonyei, midomo si ya buluu,
shingo inainama, kidevu kinagusa kifua,
nimemwonyesha sungura chini ili ainame.
Nepi kavu tangu jioni.
Maji, kijiko. Subiri. Kijiko.
Anatema. Subiri. Kijiko.

Saa nane na dakika kumi:
vipele. Tumboni, vyekundu, kama punje za mtama.

Penseli hapa imetoboa karatasi.

Tafuta gilasi, kasema muuguzi, gilasi safi, ibonyeze juu yake.
Iliyokuwa karibu ni ile ndogo ya marehemu baba,
ya chacha, ya kuinuliwa mezani
kuwatakia heri walio hai, kisha wafu, kisha wageni.
Nikaibonyeza tumboni kwa binti yangu.
Chini ya kioo wekundu ukafifia.
Nikaiondoa, ukarudi.
Nikarudia mara tano, mara sita,
mama mkwe kashika taa, mkono unamtetema.
Vinafifia, akasema yeye, mimi sikuwa na sauti.
Mezani nimeinua gilasi nyingi zilizojaa.
Sijawahi kuinua tupu kwa dua nzito hivyo.

Saa tisa. Kijiko.
Saa tisa na nusu. Dawa tena, saa tano zimepita, nimehesabu mara mbili kwa vidole.
Saa kumi na dakika ishirini: KOJO.
Nimeandika kwa herufi kubwa.
Nepi nzito! Nimeipima kiganjani
kama sonara,
nikampa mama mkwe naye aipime.
Tulicheka kimyakimya, watu wazima wawili,
juu ya nepi.

Saa kumi na mbili: thelathini na nane nukta mbili.
Tekla kafumbua macho, kamtazama sungura,
kazivuta zile soksi, moja, kisha ya pili,
kazitupa chini.
Mbali, bondeni, tingatinga la theluji linakohoa.

Eteri kapiga tena. Amelala?
Nikamsomea ankara yote,
saa kwa saa, nukta kwa nukta,
na tundu la penseli nikamweleza.
Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.
Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelia mbali na simu:
geuza,
tunadaiwa kiasi gani?